Ukungu wa Chumba Namba Tatu

Kartoni iliyomwangukia Kasiva ilikuwa na vifungo vyeupe vya mashati, vya matundu manne. Ilitoka rafu ya juu kabisa ya duka la Haron pale Ngara, Jumanne moja ya mwezi wa Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kasiva alikuwa ameinama akitafuta zipu ya inchi nane, na kartoni ikampata kisogoni. Alisimama, akaifunga zipu kwenye karatasi, akamkabidhi mteja, ndipo akaanguka. Haron alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, na jambo hilo amelisimulia mara nyingi tangu siku ile.

Kwa miaka kumi na minne Kasiva alikuwa ndiye macho ya duka lile. Fundi wa nguo alikuwa akija na kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha wa kidole gumba, anakiweka juu ya kaunta, na Kasiva anataja namba ya uzi bila kutazama popote. Mia mbili na saba. Mia tatu na kumi na moja. Duka lilikuwa na rangi mia tatu na sitini za uzi, na zote zilikaa kichwani mwake, kila moja na namba yake na rafu yake. Kadi ya rangi ilikuwepo ukutani, lakini ilikuwa imepauka kwa jua, na mafundi walimwamini yeye kuliko kadi.

Hospitali walipiga picha ya kichwa, wakasema ni safi. Siku ya nne wakamruhusu aende nyumbani. Haron alipita kumwona mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha gari mahali pasiporuhusiwa.

"Mama Kalekye, wewe pumzika," alisema. "Kazi yako iko. Lakini ile Monday ya kwanza ya January, watu wa uniform wakianza kukuja, nakuhitaji na kichwa yote. Si nusu."

"Nitakuja," Kasiva akasema. Alimaanisha hivyo kwa moyo wake wote. Mbali na mumewe na binti yao Kalekye, aliyekuwa ameajiriwa Kitui, hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko zile rangi mia tatu na sitini.

Ukungu ulianza wiki ya pili. Kasiva alikuwa jikoni akilitafuta neno sufuria. Sufuria yenyewe alikuwa ameishika mkononi, ila jina lake ndilo lililokuwa halionekani. Alilitafuta kwa dakika kadhaa, na alipokuwa akilitafuta ukungu ukaanza kumtoka masikioni, kwanza sikio la kushoto, mwembamba, wa baridi. Nzau, mumewe, alidhani ni dirisha, maana kwao Uthiru mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani bila kubisha. Akalifunga dirisha. Ukungu ukazidi kujaa, mpaka asiweze kuiona kalenda ukutani. Alipopapasa akamfikia mkewe, akamfunika blanketi mabegani, akaenda kazini. Nzau alikuwa seremala wa vitanda pale Kangemi na alikuwa na kitanda cha kukamilisha siku hiyo.

Baada ya hapo ukungu ulikuja kila siku. Kasiva akiamka kichwa kilikuwa cheupe kabisa. Akisoma mistari miwili ya gazeti, ukungu. Redio ikisema na mtu akimsemesha wakati huohuo, ukungu mzito, wa kumfanya mtu atembee ameunyosha mkono mbele. Ulipita chini ya mlango wa chumba chao, namba tatu, ukaijaza korido, ukashuka ngazi. Mama Janice, mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, ambaye jina lake ni Wanjugu, alipanda juu akaomba jambo moja tu: siku za kuanika nguo waambiwe mapema kama ukungu utatoka.

Kulikuwa na kliniki ndogo ya kanisa huko Spring Valley iliyowaona watu bure siku za Alhamisi. Nzau alimpeleka. Mtaalamu wa pale aliitwa Becky Nakhumicha, mwanamke wa sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwenye shughuli zao baada ya kuumia. Alimwuliza Kasiva maswali matatu. Ukungu ulipojaa chumbani aliinuka, akafungua dirisha, akaketi tena.

"Hii naijua," alisema. "Mama, sikiliza. Wewe si mvivu na wewe si mwendawazimu. Ubongo umeumia mahali picha haifiki. Ni kama simu ya betri nzee. Unaichaji usiku mzima, asubuhi imejaa, ukipiga simu mbili imezima. Sasa dawa si kuilazimisha. Dawa ni kuizima kabla haijajizima."

Akampa daftari na masharti. Apumzike kabla ya kuchoka, asingoje achoke. Afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Asikae penye kelele. Neno likikataa kuja aliache, asilikimbize, litakuja lenyewe likipenda. Na kila siku ajikumbushe nyuzi tatu, si nne, hata akijiona ana nguvu.

"Nitapona kabla ya January?" Kasiva aliuliza.

"Ukiachwa utulie, naona unaweza," Becky akasema.

Neno hilo, ukiachwa, Kasiva aliliandika kwenye daftari bila kujua uzito wake.

Sasa, watu wa ploti ile ni watu wazuri. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna mahali mbele ambapo msomaji atashawishika kusema vingine. Mtu akiugua wanakuja kumwona, na hawaji mikono mitupu. Waliingia wawili wawili na mkate, na maziwa, na ndizi. Na kwa kuwa mgonjwa alikuwa wa kichwa, walifanya kile ambacho kila mtu hufanya mbele ya mgonjwa wa kichwa. Walisimama mbele yake, wakatabasamu, wakauliza:

"Unanijua mimi ni nani?"

Nzau akijaribu kumsaidia walimkataza. "Usimwambie! Acha ajisemee. Mimi ni nani, Mama Kalekye? Fikiria tu. Tulikutana wapi mara ya kwanza?"

Kasiva aliwajua wote. Lakini kujua na kutaja vilikuwa vimeachana, na kila alipolikimbiza jina ukungu ulimtoka kwa wingi mpaka wageni wakawa hawaonani. Walikunywa chai yao humo humo, wakamwombea, wakaondoka wakishika kuta. Jioni alikuwa hawezi hata kuhesabu vidole vyake. Alilia, na machozi nayo yalikuwa ya baridi.

Mwezi wa Agosti bomba la ploti lilianza kukosa. Awali maji yalikuwa yakija Jumanne na Jumamosi. Yakaja Jumamosi tu. Yakaja Jumamosi moja na kuruka nyingine. Mitungi ya njano ilipangwa foleni uani, na watu wakaanza kuangaliana vibaya.

Aliyegundua ni Obuya wa chumba namba saba, fundi wa mabomba, mtu asiyeweza kuona maji yakipotea. Aliona kwamba ukuta wa korido mbele ya namba tatu ulikuwa ukitiririka. Akanunua neti ya kivuli, ile wanayofunikia miche, akaitundika korido nzima kutoka darini hadi sakafuni, akafunga gata, mfereji wa bati, chini yake, na gata akaielekeza kwenye pipa. Siku ya kwanza alipata mtungi mmoja na nusu. Aliyaonja.

"Haina chumvi," alisema. "Safi kuliko ya duka."

Kasiva alifurahi. Lazima hili lisemwe pia. Alikuwa mwanamke aliyezoea kufaa watu, na kwa wiki sita alikuwa hafai kitu. Aliposikia kwamba mtoto mchanga wa namba tano ameogeshwa kwa maji yaliyotoka kichwani mwake, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu vifungo vile. Wageni walizidi kuja, wakauliza maswali yao, na pipa likajaa. Hakuna aliyepanga lolote. Ilitokea tu, kila mtu kwa nia njema.

Lakini Kasiva alikuwa na daftari lake, na alikuwa mkaidi. Wageni wakienda alijifungia, akafumba macho kwa dakika ishirini kama alivyoagizwa. Akaosha kikombe, akapumzika. Akakunja shuka, akapumzika. Nyuzi zikaanza kurudi, tatu tatu, mia na nne, mia na tano, mia na sita, rangi za udongo kwanza halafu za majani. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa na mia mbili na kumi na mbili, na ukungu ulikuwa ukiisha saa nne asubuhi. Siku moja alimwita Mama Janice kwa jina kabla hajaulizwa. Mama Janice alimkumbatia, akasema Mungu ni mwema, kisha akashuka ngazi akachungulia pipa. Lilikuwa robo.

Jumapili iliyofuata baada ya kanisa kulikuwa na mkutano uani. Mama Janice alifungua kwa maombi. Kasiva hakualikwa, ili asichoke. Nzau alialikwa, akakaa kwenye tofali.

"Hakuna mtu anasema agonjeke," Mama Janice alianza. "Tusikiane hapo. Tunasema tu asiharakishe."

"Mpaka mvua," akasema Obuya. "Mvua ikianza hii maneno itakuwa imeisha."

"Na pia mgonjwa hafai kuachwa peke yake," mama wa namba tano akasema, mtoto mgongoni. "Kwetu tunasema ukimwacha pekee yake ataanza kuwaza. Tumtembelee. Kwa zamu."

Zamu ikaandikwa na kubandikwa kando ya zamu ya kufagia ngazi. Asubuhi namba moja na mbili, mchana namba nne na tano, jioni namba sita na saba. Mimi ningependa kusimulia kwamba mtu mmoja alisimama akapinga. Hakusimama mtu. Nzau alikohoa, watu wakamgeukia, akasema ni vumbi. Mama Janice alimshika bega, akamwambia kwamba familia kama yao, yenye kusaidia wengine, haiwezi kusumbuliwa kuhusu kodi ya chumba hata kama kipato kimepungua. Hilo alilisema kwa upole mkubwa.

Zamu ilifuatwa vizuri kuliko ile ya kufagia ngazi. Wageni walikuja na redio. Walikuja wanne wakazungumza mambo manne. Walimwuliza jina la mwalimu wake wa darasa la tatu, majirani wa mama yake kule Machakos kwa mpangilio wa nyumba, wimbo waliokuwa wakiimba walipokuwa wakichunga mbuzi. Walimletea uji, na alipoanza kuunywa walimwuliza umetengenezwa kwa nafaka ngapi. Ukungu ulirudi kama siku za kwanza. Obuya aliongeza neti ya pili. Ilipofika katikati ya Novemba nyuzi mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimebaki thelathini, na hizo alizishika kwa kuzinong'ona mfululizo.

Mvua za vuli zilinyesha siku tatu zikakoma.

Mama Janice alikuwa ameandika barua nyingi kwa kampuni ya maji kulalamika juu ya bomba, na hatimaye afisa mmoja akatumwa. Alikuja na buti na kompyuta ndogo ya mkononi. Alilikagua bomba, akapiga gata kwa kalamu, akapima kina cha pipa. Alibisha namba tatu, akamsalimu Kasiva, akamwuliza tarehe ya leo. Ukungu ulipomtoka alisubiri ujae, akatazama saa, akaandika. Baada ya wiki moja jibu likaja. Lilisema kwamba ploti imethibitishwa kuwa na chanzo chake mbadala cha maji, na kwa hiyo imeondolewa kwenye ratiba ya maji ili wasio na chanzo wafikiriwe. Barua ilimalizika kwa kuwapongeza wakazi kwa ubunifu.

Mama Janice aliisoma kwa sauti uani. Watu walisikiliza. Kisha mmoja mmoja wakainua macho kutazama mlango wa namba tatu.

Siku hiyo Kasiva alielewa. Pamoja na ukungu wote ule, alielewa kila kitu, akaanza kulitafuta daftari lake. Kesho yake, zamu ya asubuhi ilipobisha, chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka na daftari lake saa kumi na mbili unusu, akafika Spring Valley, akaketi kwenye benchi la kliniki. Haikuwa Alhamisi. Becky alimtazama, hakumwuliza kitu chochote, akamletea mto wa kuegemea.

Akawa anakwenda kila siku. Mtu wa getini alimzoea. Mbele ya benchi kulikuwa na bustani ya jirani, na mpira wa kunyunyizia maji ulizunguka humo tangu asubuhi hadi saa tisa, ukinyunyiza nyasi ambazo tayari zilikuwa zimelowa. Kasiva alipumzika kabla ya kuchoka. Alifanya jambo moja kwa wakati mmoja. Hakukimbiza neno lolote. Maneno yakaja yenyewe, na nyuzi zikaja nyuma yake, si tatu tatu tena bali kwa makundi, za bluu, za zambarau, zile nyeusi tano ambazo wateja wengi hudhani ni moja. Krismasi ilipita. Jumamosi ya kwanza ya Januari alikuwa na mia tatu na hamsini na nane, na kwa siku nne mfululizo hapakuwa na ukungu hata wa kulowesha kioo.

"Jumatatu nenda," Becky alimwambia. "Uko tayari. Na kesho Jumapili usiongee na mtu."

Kwenye ploti, wakati huo, neti zilikuwa zimekauka mpaka zikaanza kuchanika. Watu walinunua maji kwa mkokoteni, na mkokoteni nao ukaanza kuwapita kwa sababu kulikuwa na wanunuzi wakubwa zaidi huko mbele. Choo cha chini kilifungwa. Mtoto wa namba tano aliota vipele shingoni na mapajani, akawa analia kwa sauti iliyokauka, na mama yake alimfuta kwa kitambaa kilichochovywa kwenye kikombe. Hakuna aliyemlaumu Kasiva. Akipita walimpisha njia, wakamsalimu, wakamwambia anaonekana vizuri. Hakuna aliyetaja maji, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili ile Kasiva alikaa chumbani, mapazia yamefungwa kama alivyoagizwa. Nguo ya kazi ilikuwa imepigwa pasi. Saa tisa mchana mlango ulifunguka, Nzau akaingia. Alikuwa amesimama uani kwa muda mrefu. Kasiva alizisikia sauti, hakusikia maneno. Nzau alivua kofia, akaketi kitandani kando yake, akautazama mtungi wao mtupu. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mitatu, na tangu vifungo vile hakuwahi kumwuliza mkewe swali hata moja. Alikuwa akimwambia tu mambo: chai iko tayari, nje kuna jua, mimi ni Nzau nimerudi.

"Kasiva," akasema.

"Naam, baba Kalekye."

"Kalekye alizaliwa siku gani?"

"Jumatano," Kasiva akasema papo hapo. "Saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, wewe ulikuja umelowa na ulikuwa umebeba chupa ya uji bila kifuniko."

Chumba kilibaki angavu. Jua lilipita kwenye ufa wa pazia likaangukia viatu vya Nzau. Kule namba tano mtoto alianza tena kulia.

Nzau aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena hakumtazama.

"Na nesi aliyempokea mtoto. Yule nesi aliitwa nani?"

Nesi yule hakuwahi kusema jina lake. Zamu yake ilikuwa imekwisha, alimkata mtoto kitovu, akavua glavu, akaondoka. Miaka ishirini na moja iliyopita Kasiva na Nzau walikuwa wamecheka pamoja juu ya jambo hilo hilo, kwamba walitaka kumpa mtoto jina la nesi na hakuna aliyelijua. Nzau alikuwa anajua kwamba jina hilo halimo. Kasiva alimtazama, akaona kwamba anajua, na Nzau akaona kwamba ameonekana.

Angeweza kusema, sijawahi kulijua. Maneno mawili, na yote yalikuwa yako tayari mdomoni, safi, kila moja mahali pake. Alimsikiliza mtoto wa namba tano. Alimtazama mumewe, mikono yake ya seremala iliyobabuka kwa kukosa kuoshwa.

"Ngoja," akasema. "Ngoja nimtafute."

Akafumba macho. Akaingia kwenye wodi ile, akatazama uso wa nesi, akatazama mfuko wa koti lake mahali ambapo jina lingekuwa limebandikwa, akaanza na herufi ya kwanza ya alfabeti. Alimtafuta kwa bidii aliyokuwa nayo miaka kumi na minne nyuma ya kaunta. Alipofika mwisho wa alfabeti akaanza upya. Ukungu ukatoka sikio la kushoto, kisha la kulia, ukafunika viatu vya Nzau, ukafunika nguo iliyopigwa pasi, ukapita chini ya mlango. Huko nje Obuya alisikika akiburuta pipa, na mtu mwingine akisema pole pole, usigonge, usimsumbue.

Nzau alimshika mkono, akaendelea kuushika. Kasiva hakuacha kutafuta jioni ile, wala Jumatatu, na neti zilitiririka siku zote mbili.